Mafua ya Sifa na Droo ya Chini

Hesabu niliyoifanya mara mbili inasema hivi: kazi yangu ya labo, yaani maabara, iligharimu jogoo wanne, baiskeli moja, mishumaa isiyo na idadi, na hamu yangu yote ya kula mayai. Mishumaa nilishindwa kuihesabu kwa sababu mingine niliinunua kwangu mwenyewe, na katika biashara ya namna hiyo mtu hapendi kuchunguza sana. Jogoo na baiskeli nina hakika.

Ninyi vijana mliobaki labo mliniomba, siku ile ya soda na keki ya kuniaga, niwaandikie niliyoyaona tangu labo ilipokuwa chumba kimoja nyuma ya hospitali hapa Kindu. Nadhani mlitaka mawaidha. Mawaidha sina. Nina habari ya mayai, na mwishoni nina swali ambalo mtanijibu, mpende msipende, maana keki mlikula ninyi.

Niliingia labo kwa sababu ya ubahili wa Dokta Amuri. Wakati huo vita vilikuwa vimefunga reli, barabara ilikuwa ya wenye bunduki, na kila kitu cha dukani kilikuja kwa ndege, bei yake nayo ikiwa bado iko angani. Mimi nilikuwa na meza sokoni, nauza mafuta ya taa na mishumaa. Watu wa hapa mshumaa wanauita buji, na mimi nikaitwa Mama Buji, jina ambalo limenishika mpaka leo.

Akaja mwanaume mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, akachukua buji moja, akaigeuza, akairudisha.

"Mama, unaweza kuniuzia nusu?"

"Nusu ya juu au ya chini, Baba?"

"Yoyote. Utambi siuhitaji. Nataka nta tu."

Nilimwambia kwamba tangu nizaliwe sijaona mtu anayenunua mshumaa na kurudisha utambi. Nta ya nini? Akasema ni ya kuziba tundu kwenye yai. Tundu la nini? La sindano. Unalidunga yai sindano? Ndiyo, analidunga mafua. Nikawaita majirani wa meza waje wasikie. Tulicheka mpaka mwenye sembe akakaa chini. Dokta alingoja tumalize, kisha akasema kwa upole, "Nitanunua nzima kama utaniambia pia wapi nitapata mayai."

Huo ndio ulikuwa usaili wangu wa kazi. Wiki iliyofuata nilikuwa mnunuzi wa labo.

Ninyi leo mnapima dawa za mafua kwenye visahani vya plastiki na mashine inawasomea majibu. Sisi tulikuwa na yai. Virusi vya mafua havikui kwenye chupa tupu. Vinataka kitu chenye uhai, na yai lenye kifaranga kinachoanza kuumbika ni nyumba nzuri kwao. Unavidunga humo, unadunga na dawa unayoijaribu, unaziba kwa nta, unarudisha kwenye joto. Baada ya siku chache unavuta maji kidogo ya ndani na kuyachanganya na damu ya jogoo. Kama virusi vipo, damu inatandaa kama wavu. Kama dawa imeviua, damu inashuka chini na kukaa pamoja, duara dogo jekundu kama kifungo cha shati. Kifungo ni furaha, wavu ni huzuni. Nilifundishwa hayo asubuhi moja tu, na sikuwahi kuhitaji mengine.

Ugumu ulikuwa kupata yai lenyewe. Mayai mazuri meupe yaliyokuja kwa ndege yalikuwa ya kuku wasiomjua jogoo. Ndani ni kiini tu, unaweza kuyapasha joto hadi mwisho wa dunia. Tulihitaji mayai ya kijijini. Niliyafuata Kailo kwa baiskeli, na kuyarudisha ndani ya kapu la makapi ya mpunga ili yasipasuke. Dokta alinifundisha kuyaangalia kwa tochi, yai ndani ya ngumi, jicho moja limefumbwa. Nikikuta lisilo na kitu ninamrudishia mwenyewe hapo hapo. Akina mama wa Kailo walinichukia sana. Mmoja aliniambia, "Weye, hata bwana yako ulimumulika na tochi mbele ya kuolewa?" Nikamwambia hapana, na njo maana nimejifunza.

Jogoo wa kutoa damu alikuwa shida nyingine. Kuku wote wa mtaa walikuwa wakiliwa na wenye bunduki, na wa kwetu alikuwa mnene. Siku moja askari akaingia uani, akamtazama kwa mapenzi.

"Mama, huyu kuku njo wa nani?"

"Si kuku, afande. Ni mfanyakazi wa hospitali. Anatoa damu kila juma."

"Hata miye natoa damu."

"Na wanakulipa?"

Akafikiri. "Hapana."

"Huyu naye hapana. Muko kazi moja. Utakula mwenzako?"

Alicheka, akaondoka na buji mbili. Jogoo hakujua kamwe alinunuliwa kwa bei gani. Baadaye wengine walikuja ambao hawakupenda kuzungumza, ndiyo maana nimewataja jogoo wanne.

Sasa niwaambie juu ya kuveze, yaani sanduku letu la kuatamia. Lilikuwa la mbao, la zamani, linapashwa joto kwa taa ya mafuta. Lilikuwa na droo mbili. Ya juu ilikuwa imevimba kwa unyevu. Kuivuta kulihitaji mwanaume na neno baya, na Dokta ndiye aliyetufungulia. Ya chini iliteleza kama siagi. Aliyelichunga, kuongeza mafuta na kuyageuza mayai, alikuwa Bibi Bahati, mjane wa mtaa wetu, mwenye mkono wa kuku. Akigusa yai, linatii. Mimi nilikuwa nafika kila asubuhi na kuhesabu mayai ya droo zote mbili mara mbili. Kama pana pungufu, nilikuwa na maneno. Bibi Bahati aliogopa vita kidogo. Maneno yangu aliyaogopa zaidi.

Msimu mmoja yakaja mafua ambayo hatukuyajua. Inasemekana yaliingia na wachimbaji waliotoka Kalima kwa miguu. Watu wazima walilala siku tatu na kuamka wamekonda. Watoto hawakuamka vizuri: mafua yakipita yaliacha mlango wazi, nimonia ikaingia kifuani. Wadi ya watoto ilijaa. Miongoni mwao alikuwemo Sifa, mjukuu wa Bibi Bahati, mtoto wa kama miaka mitatu, yatima, ambaye bibi yake alimlea kwa mshahara wa kuchunga mayai. Dokta alipotaka kupata virusi vya mafua yale alichukua kamasi kwenye pua ya Sifa, kwa kuwa ndiye alikuwa karibu na hakumng'ata. Hivyo yaliyokuwa yanakua kwenye kuveze yetu yalikuwa mafua ya Sifa. Bibi Bahati alilijua hilo. Alikuwa akiyageuza mayai yale huku akiyasemesha: "Mujue, nyiye ndani, munatesa mutoto wangu. Mutakufa."

Wakati huohuo, wenzake Dokta wa mji mkuu walikuwa wametuma chupa ndogo ya dawa mpya ya mafua, bado ya majaribio, wakitaka kujua kama inayaweza mafua ya kwetu. Kama ingeyaweza, wangetuma sanduku zima kwa wagonjwa. Na hapa ndipo palipokuwa na kisu. Kindege kilikuwa kinakuja mara moja, na nafasi yetu ndani yake ilikuwa ndogo. Niliipata mimi kwa kumsumbua mpakiaji wa mizigo kwenye foni, ile redio ya upepo ya hospitali, mpaka akaniita shangazi. Ile dawa mpya ilisafiri ndani ya sanduku la barafu zito. Likipanda hilo, hakuna kingine kinachopanda. Lisipopanda, nafasi ileile ingebeba antibiotiki za wadi ya watoto, ambazo zilikuwa zimeisha. Moja au nyingine. Dokta alipaswa kusema kwenye foni Ijumaa saa kumi alasiri, na kuveze ndiyo ingemwambia la kusema.

Mayai ishirini yenye mafua na dawa yaliwekwa droo ya chini. Mengine ishirini, yenye mafua na maji matupu, droo ya juu. Dokta aliyachorea yale ya dawa msalaba mdogo wa penseli.

Ijumaa mchana alianza kupima. Hakupasua mayai; alitoboa tundu jipya pembeni, akavuta maji kidogo, akatia damu ya jogoo. Droo ya juu ilikuwa wavu, wavu, wavu. Akaja ya chini. Kifungo. Kifungo. Wavu. Kifungo. Kifungo tena. Dokta, mtu asiyecheka, akaanza kuimba wimbo wa kanisa kwa kupiga mluzi. Alipofika yai la kumi na tisa vifungo vilikuwa kumi na tatu. Mimi nilihesabu mara mbili, vikabaki kumi na tatu.

"Mama Buji," akasema, "waambie wa foni wajiweke tayari. Lipande sanduku la barafu."

"Na za kifua?"

"Zitangoja ndege nyingine. Hii dawa inazuia kabla ya kifua."

Nilikuwa nimefika mlangoni. Akachukua yai la ishirini, akalipangusa, akaweka sindano. Yai likalia.

Si kupasuka. Kulia. Piyo, piyo, kama kifaranga anayeita mama yake. Dokta aliliweka chini polepole kama bomu. Yai la labo lilikuwa na umri wa siku kumi na tatu tu. Kifaranga anaanza kulia karibu na siku ya kuanguliwa, ishirini na kitu. Alivua miwani, akaivaa tena.

"Mama Buji. Hili yai ulilinunua wapi?"

"Dokta, mimi silinunui yai linaloongea. Bei yake ingekuwa nyingine."

Tukamwita Bibi Bahati. Alifika akifuta mikono, akalisikia, uso wake wote ukafunguka.

"Aaa! Limefika! Hilo njo la Mama Zaina."

"La Mama Zaina nani?" Dokta akauliza.

"Jirani. Askari walikula kuku yake akiwa amelalia. Mayayi yakabaki baridi. Miye nikasema, lete, sisi tuko na kuku wa mafuta ya taa, halali usingizi."

Lazima niwaeleze hapa, maana wengine ninyi mmekulia kwenye ghorofa. Kwenye mitaa yetu, kuku anayeatamia ni wa wote. Wako akiliwa au akifa, unapeleka mayai chini ya kuku wa jirani, na jirani hakatai. Kukataa ni sawa na kumnyima mtu moto. Na jambo jingine: yai likifa chini ya kuku, unalitoa upesi, lisije likaoza na kuwaharibia wengine. Kila mtoto analijua hilo. Bibi Bahati alikuwa amefanya yote mawili.

"Yale yaliyokufa nilitoa," akasema, "nikachoma kwa shimo, vile ulifundisha, Dokta. Na mahali yao nikaweka ya majirani, sababu Mama Buji anahesabu. Mara mbili anahesabu! Ningefanya aje?"

"Toka droo gani?"

"Ya chini. Ya juu inanishinda, inataka matusi."

Dokta akakaa kwenye kizingiti cha dirisha. "Lakini Bibi, mayai yote yana nta. Yote yana msalaba."

"Ee, kwani miye niko mujinga? Niliona ya hapa iko na buji juu, iko na msalaba. Nikasema hii labo iko na sheria yake, yai bila buji halilali humu. Nikawatengenezea yote vizuri. Hata msalaba nilichora, na miye ni Muislamu, sikuuliza."

Nilitoka nje kucheka. Nilipokoma kucheka, nikaelewa.

Kila kifungo chekundu ambacho kilikuwa kimempigisha mluzi Dokta kinaweza kuwa yai la Mama Zaina, lisilowahi kuonja mafua. Na ilikuwa saa tisa imepita.

Niliporudi Dokta alikuwa ameshachukua wembe na kukwangua nta. Chini ya nta ya yai letu kulikuwa na tundu la sindano. Chini ya nta ya majirani hakukuwa na kitu, ganda zima safi. Tulikwangua yote ishirini, bega kwa bega, na Bibi Bahati akishika taa ingawa ilikuwa mchana, kwa kuwa alitaka kusaidia. Mayai ya majirani yalikuwa kumi na mawili, pamoja na lile linaloongea. Yetu halisi yalikuwa manane. Dokta aliangalia majibu ya yale manane. Vifungo viwili. Wavu sita. Na kumi na mawili yalikwisha kufa kabla, yakachomwa shimoni na mkono wa upendo.

Dawa ile haikuyaweza mafua ya Sifa.

Dokta alikwenda kwenye foni mwenyewe. Nilimsikia kupitia ukuta akipiga kelele juu ya mikwaruzo: "Hapana! Barafu hapana! Za kifua! Nimesema za kifua!" Mpakiaji akauliza shangazi amesema nini. Nikaingia, nikasema shangazi amesema hivyohivyo.

Alipotoka alinishika mkono uani, mahali jogoo tu angetusikia.

"Bibi asijue ndege ilikaribia kubeba nini," akasema. "Asijue kabisa."

"Dokta, amekaribia kum..."

"Najua alichokaribia. Ukimwambia atajiona ameua mtoto ambaye yuko hai."

Basi Bibi aligombezwa kwa habari ya majirani tu. Mayai yote yakachomwa isipokuwa lile linaloongea, na majirani niliwalipa mlangoni buji moja kwa kila yai baada ya mabishano ambayo nayaonea fahari hadi leo, kwani Mama Zaina alianza kwa kudai kuku mzima. Kifaranga kilichoanguliwa siku hiyo Dokta alikitenga peke yake kwenye boksi, akakiangalia mpaka akaridhika. Hakikuugua. Kikawa jogoo wa tatu kati ya wale wanne, mwenye damu nzuri na tabia mbaya.

Kindege kikaja. Antibiotiki zikafika. Wadi haikupona yote, sitawadanganya; wengine tulikuwa tumechelewa. Sifa alipona. Siku ya nne aliomba ndizi, ya tano alimng'ata muuguzi.

Baada ya vita reli ilirudi kwa kusuasua, kuveze ya umeme ikaja, kisha mashine zenu. Wa mji mkuu waliibadilisha dawa ile, wakatuletea, tukasema hapana. Wakaibadilisha tena, tukasema labda. Ya mwisho ndiyo ile mnayoipima sasa dhidi ya kila mafua mapya yanayoingia mjini. Mkiulizwa na wageni labo ya Kindu ilichangia nini kwenye dawa za mafua, semeni kwanza tulichangia neno hapana, na lilikuwa na bei. Kufuli ya kuveze niliiweka mimi, Jumamosi ile ile. Na tangu hapo nilihesabu mara mbili na kukwangua mara moja.

Dokta Amuri amekufa, Mungu amrehemu na amrudishie miwani mizuri. Kwa hiyo aliyebaki anayejua ni mimi peke yangu.

Swali langu ndilo hili. Bibi Bahati yu hai, mzee sana, masikio hafifu, mdomo mzima. Kwa miaka yote hii amekuwa akisimulia habari ya ile Ijumaa kwa namna yake. Anasema yai lake lililia, Dokta akasikia, akakimbilia foni, na dawa ya kumponya Sifa ikaja. "Yai yangu njo iliita ndege," anasema, msibani na arusini, na watu wanapiga makofi. Nimelipima neno hilo kama ninavyopima bei. Nikihesabu mara ya kwanza, yeye ndiye aliyekaribia kumnyima mtoto dawa. Nikihesabu mara ya pili, lisingelia lile yai, foni ingesema barafu. Ni mara yangu ya kwanza maishani hesabu mbili kunipa majibu mawili.

Sifa anaolewa Jumamosi ijayo. Bibi amenijia nyumbani na kitambaa cha sare, amekwisha kukilipia, na amesema nitapewa maikrofoni.

"Weye ulikuwa pale," akaniambia. "Watu wengine wanasema ninaongopa. Simama useme ni kweli."

Sifa mwenyewe alikuwa amekaa pembeni yake. Aliniangalia kwa jicho la mtu ambaye anashuku kuna kitu, kisha akasema, "Shangazi, sema vile ilikuwa. Hata kama iko mbaya."

Mmoja ananiomba niseme kweli, na mwingine ananiomba niseme ni kweli, na aliyenikataza yuko kaburini. Ninyi mna mashine inayosoma wavu na kifungo bila kusita. Kaeni pamoja, wote, hata wa zamu, mniambie nikishika ile maikrofoni niseme nini. Leteni jibu kabla ya Ijumaa, na muje wenyewe kunieleza, msinitumie ujumbe.